Boksi la nyaraka lisilo na asidi: zuri kwa hati, hasara kwa stakabadhi

Boksi linalopimwa hapa ni lile la kadi ngumu linalofika likiwa bapa, ukalikunja mwenyewe bila gundi wala pini. Bei yake ni mara kadhaa ya katoni ya kawaida. Kwa majalada ya ardhi yanayotakiwa kudumu, linastahili bei hiyo. Kwa majalada mengine ni fedha iliyotupwa.

Katoni na boksi faili za bei rahisi mara nyingi hutengenezwa kwa kadi yenye asidi. Miaka inavyopita asidi hiyo huhamia kwenye karatasi, nayo hugeuka kahawia na kukatika kwenye mikunjo. Boksi faili lina ubaya wa pili: chuma chake hushika kutu na matundu ya karatasi huchanika.

Maneno "halina asidi" kwenye katalogi hayatoshi. Kadi inaweza kuwa salama siku ya kutoka kiwandani, ikachachuka baadaye kwa kuwa haikutiwa akiba ya kupambana na asidi. Dai pH, yaani kipimo cha asidi (chini ya 7 ni asidi), kati ya 7.5 na 10, na akiba ya kalsiamu kaboneti ya asilimia 2 hivi. Kiwango cha kimataifa cha maboksi ya nyaraka, ISO 16245, kina aina mbili: A inaruhusiwa kugusana na karatasi moja kwa moja, B inahitaji jalada la ndani la aina A. Mzigo ukifika, chana ukingo wa boksi moja na upitishe kalamu ya kupimia asidi kwenye kiini, maana uso wa nje unaweza kuwa umepakwa tu. Zambarau ni nzuri, njano urudishe mzigo. Kalamu hiyo isiguse waraka wowote, alama yake haifutiki.

Kosa la kawaida ni kuagiza boksi la A4. Majalada ya zamani ni ya fulskepu, urefu wa sentimita 33, na gamba lake huzidi hapo. Agiza urefu wa ndani wa 38, upana 26, kimo 12. Jaza sentimita 10 tu. Hapo linafika kilo 5 au 6, uzito ambao mtu anaweza kuushusha rafu ya juu bila kuudondosha. Likijazwa kupita kiasi, jalada likivutwa linachana la jirani. Likipwaya, majalada hujipinda, hivyo weka kadi iliyokunjwa kuziba nafasi. Kabla ya kufunga, toa klipu na pini za stepla zilizoshika kutu, na badala ya raba fungia utepe wa pamba.

Boksi haliamui kipi kiishi. Kazi hiyo ni ya tathmini, na inatangulia. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya 2002 hairuhusu ofisi ya umma kuteketeza kumbukumbu kwa uamuzi wake yenyewe. Kibali hutoka Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Orodhesha majalada kwa kundi la kazi na miaka, kisha ulinganishe na mwongozo wa utunzaji na uteketezaji. Barua ya ofa ya kiwanja, hati, ramani ya upimaji iliyosainiwa, uhamisho wa miliki, amri ya mahakama na malipo ya fidia ni vya kudumu. Vitabu vya stakabadhi na nakala za ziada husubiri muda wao na ukaguzi wa hesabu, na katoni ya kawaida inavitosha. Wapo wanaofungua jalada la kiwanja na kunyofoa karatasi "zisizo na maana". Tunawasihi waache. Folio, yaani karatasi yenye namba ndani ya jalada, ya 15 inayoitaja folio ya 14 iliyotupwa hupoteza nguvu mahakamani. Jalada hupimwa likiwa zima.

Umri wa jalada nao hudanganya. Mwaka 1963 sheria iligeuza miliki za kudumu, zikiwemo zilizoanzia enzi za Wajerumani, kuwa pango la miaka 99 kutoka serikalini. Mwaka 1969 pango hizo zikageuzwa kuwa haki ya kumiliki. Ukihesabu tangu 1963 unafika 2062. Jalada hilo lenye vumbi bado linatetea kiwanja cha mtu.

Ramani ndizo zinazolishinda boksi hili. Zile za bluu, zenye mistari myeupe, hupauka zikikaa na kadi yenye alikali, ile akiba ya kupambana na asidi, yaani sifa ileile inayookoa barua inaziua ramani. Zitoe, ziweke zikiwa bapa ndani ya jalada lisilo na asidi wala akiba ya alikali, na uache kwenye jalada mama karatasi inayotaja namba ya ramani na mahali ilipo.

Unyevunyevu nao boksi haliuondoi. Linapunguza tu kupanda na kushuka kwake kwa ghafla. Karatasi ikifungiwa ikiwa na unyevu itaota ukungu humo humo, na hatari ni kubwa unyevu wa hewa ukipita asilimia 65, hali ya kawaida Dar es Salaam na Tanga. Kausha majalada kwa feni kwanza, rafu ya chini iwe sentimita 15 kutoka sakafuni, boksi zisiguse ukuta, na usizivike nailoni.

Lebo za gundi hubanduka kwa joto. Andika namba kwa penseli laini juu ya boksi lenyewe, upande unaotazama njia.