Gari dogo la kununua Arusha na Moshi kwa anayeogopa la umeme

Shemeji yangu anayekaa Sakina, Arusha, anatafuta gari dogo la kupeleka watoto shule, kwenda dukani, na mara moja kwa mwezi kushuka Moshi kumwona mama. Ameshaonyeshwa ya umeme, moyo hautulii. "Shem, haya si tunauziwa mabetri waliyoyachoka Wajapani?" Nimempangia hivi.

Namba moja: Toyota Aqua. Ni haibridi, yaani injini ya petroli inasaidiana na mota ya umeme, na haichomekwi popote. Unaweka petroli, betri inajichaji yenyewe ukifunga breki au ukiteremka. TANESCO wakikata umeme, hakuhusu. Lita moja inakupa kilomita 20 hivi. Adui ni vumbi letu: feni ya kupooza betri inavuta hewa kwenye tundu lililo pembeni ya kiti cha nyuma. Lile tundu limulike kabla hujatoa hela. Nililifungua la gari moja lililozoea njia za Ngaramtoni, nikakuta vumbi limeganda kama blanketi, na ganda la pipi juu yake. Taa ya betri ilikuwa imeshaanza kuwaka. Halafu gari liko chini, mawe ya mtaani utayasikia.

Namba mbili: Toyota IST ya 1.3. Hapa sina maneno mengi. Kila fundi anaijua, spea zipo, na siku ukitaka kuiuza haikai. Inakunywa kuliko Aqua, basi.

Namba tatu: Nissan Leaf, hii ndiyo ya umeme mtupu. Ubishi wote uko hapa. Kijiweni wanasema haitapanda milima ya Kibosho. Inapanda, tena bila kulia kama IST. Chaji inashuka haraka, ila ukiteremka sehemu yake inarudi. Wasiwasi wenye maana ni betri. Ya Leaf haina maji ya kuipooza kama rejeta, kwa hiyo joto na umri vinaila taratibu.

Kwenye dashibodi, upande wa kulia, kuna vijiti 12 vyembamba. Tulipowasha moja yadi, vilikuwa 8. Dalali akasema, "Hiyo ukiichaji inajaa, bosi wangu." Haijai. Vijiti vya chaji ni vile vingine. Hivi vyembamba ni uzima wa betri, na vikibaki 8 ujue theluthi nzima imekwenda. Arusha hadi Moshi ni kilomita 80. Kwa betri ya uniti 24 (yaani kWh 24 ikiwa mpya) iliyochoka hivyo, utapita Boma Ng'ombe huku unaomba Mungu. Kama ni Leaf, tafuta ya uniti 40, toleo lililoanza 2017, na vijiti visipungue 11.

Hesabu yake inatamanisha, sikatai. Kilomita 100 zinakula uniti 18 hivi. Kwa sh 356 hivi kila uniti, ni kama sh 6,400. IST itataka lita 7 na ushee, na petroli tukiikadiria sh 3,000, hiyo ni zaidi ya sh 21,000. Ila kama nyumbani bado uko kwenye umeme wa bei nafuu, ule wa wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, chaji tatu za betri ndogo tu ni uniti 72. Hujapiga pasi wala hujawasha friji. Piga hesabu kwa bei ya kawaida tangu mwanzo.

Uliza pia kama waya wa kuchajia upo, maana plagi ya Kijapani haiingii soketi zetu. Mwite fundi umeme avute laini ya peke yake kutoka meni swichi, na ethi, ule waya wa kwenda ardhini, iwepo. Usichomeke kwenye ekstensheni ya TV. Na Leaf isiwe gari pekee la nyumba yenye safari za Dar.

Ya mwisho kabisa: Leaf ya uniti 24 yenye vijiti 8, hata ikishushwa bei mara mbili. Ndiyo hiyo shemeji aliyokuwa ameipenda, kwa sababu ya rangi.

Jumamosi anakwenda kuangalia Aqua mbili. Nimempa tochi.