Greaseweazle na disketi 41 za Mama: uzoefu wangu

Miaka ya tisini Mama alikuwa na steshenari Tanga: meza moja, kompyuta moja, na printa ya utepe iliyolia hadi jirani wakalalamika. Alichapa mihtasari ya vikao, mitihani ya shule, kadi za harusi, barua za kuomba kazi. Biashara ilipokufa, disketi zake 41 zilitiwa kwenye kopo la biskuti, kopo likapandishwa juu ya kabati, na unyevu wa pwani ukaendelea na shughuli zake. Mwaka jana nilipolishusha na kulifungua, nilikaribishwa na harufu ya ukungu.

Nilitaka kuokoa faili zilizomo, nikaanza kwa njia ya mkato, yaani kile kisomeo cha disketi cha kuchomeka kwenye USB. Disketi ya kwanza ilifunguka, nikajiona fundi. Ya pili, kompyuta ikauliza: haijafomatiwa, uifomati sasa? Mpwa wangu ndiye aliyeshika mausi, na kidole kilishaanza kushuka. Nilimdaka mkono. Tangu siku hiyo, kabla disketi haijaingia popote, nasogeza kile kikufuli cha pembeni mpaka kitundu kionekane wazi. Kikiwa wazi, haiandikiki.

Ndipo nikaagiza Greaseweazle. Ni ubao mdogo wa kielektroniki wa kusomea disketi, uliobuniwa na Keir Fraser. Programu yake ni bure kwa yeyote. Upande mmoja unachomeka draivu ya zamani kwa ule waya bapa wa pini 34, upande wa pili unaingia kwenye laptopu kwa USB. Draivu niliipata kwa fundi, ndani ya kompyuta iliyokufa, pamoja na paua saplai yake. Usafirishaji wa ubao ulinigharimu karibu sawa na ubao wenyewe, na hapo niliguna.

Kisomeo cha USB hukupa sekta (vipande vidogo vya data) kilizozielewa tu, na kisipoelewa kinakwama. Greaseweazle haijishughulishi na maana. Disketi ikizunguka, yenyewe inapima muda kati ya badiliko moja la sumaku na linalofuata, inaandika vipimo vyote kwenye faili, basi. Kuvifasiri ni kazi ya baadaye, na unaweza kuirudia hata mara ishirini bila kuigusa tena disketi. Kwa sababu hiyo hiyo inasoma hata disketi za kompyuta za zamani za Amiga na zile za Macintosh za kilobaiti 800 (800K), ambazo visomeo vya USB haviziwezi.

Mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa hilo. Disketi sita za mwanzo nilizisoma moja kwa moja kuwa faili la IMG, yaani nakala ya sekta zilizokwisha kufasiriwa, kwa kuwa ni haraka na faili ni dogo. Ya saba ikanifunza adabu: ramani ya sekta inayotokea mwishoni ilijaa alama za X, yaani sekta zilizogoma kusomeka. Nikairudia kwa amri ya gw read --revs=5 m07.scp, yaani kila njia (mzingo mmoja wa data kwenye disketi) isomwe kwa mizunguko mitano na vipimo vyote viingie kwenye faili la SCP, kisha nikavifasiri kuwa IMG kwa gw convert --format=ibm.720 m07.scp m07.img. Sekta iliyogoma mzunguko wa kwanza ilikubali wa tatu au wa nne. Kati ya sekta 1440, zilizobaki zimegoma ni tatu. Faili la SCP hula makumi ya megabaiti kwa disketi isiyofika hata megabaiti moja, lakini nafasi siku hizi ni rahisi.

Hizo tatu nilizifuata kwa programu ya HxC Floppy Emulator, nayo ya bure, inayoichora disketi kama duara. Wekundu, yaani sekta mbovu, ulikuwa umerundikana upande mmoja, njia kadhaa mfululizo. Nikafungua kifuniko cha chuma, nikazungusha kitovu kwa kidole, na doa la ukungu lilikuwa hapo hapo. Pamba na spiriti ya isopropili, taratibu, ikauke vizuri, irudi kwenye draivu. Zote 1440 zikaja. Kichwa cha draivu nacho ukisafishe kila baada ya disketi chafu, la sivyo unahamisha uchafu na kukwaruza inayofuata.

Kuna jambo moja litakalowakimbiza wengi: hakuna vitufe. Kazi yote ni kwenye dirisha jeusi la amri, na ukikosea aina ya fomati utaambiwa hakuna kitu wakati kitu kipo. Disketi nne zilinizungusha jioni nzima kabla sijagundua kwamba ni za kilobaiti 720 (720K) zilizotobolewa tundu la pili kwa msumari wa moto, ili kompyuta idhani ni za megabaiti 1.44 (1.44M). Mama alicheka: "Mwanangu, za 1.44 zilikuwa ghali!" Sumaku ya disketi hizo haikukusudiwa kubeba kiasi hicho, na mbili kati yake zilipotea kabisa.

Hesabu ya mwisho: 33 kamili, tano zina mapengo, tatu zimekufa. Faili za IMG nilizifungua kwa 7-Zip, na barua zilizoandikwa kwa WordPerfect 5.1, programu ya kuandikia ya enzi hizo, zikasomeka kwenye LibreOffice. Nilimchapishia Mama kadi moja ya harusi. Akaitazama kwa muda, akasema, "Huyu hajamaliza kunilipa."

Kama disketi zako ni chache na zote zinafunguka, kisomeo cha USB kitakutosha. Zikiwa na ukungu, au zikitoka kwenye mashine isiyo PC, nunua Greaseweazle na uanze na SCP tangu ya kwanza. Mimi zile sita nililazimika kuzirudia. Chini ya kopo nilikuta nyingine mbili, kubwa za inchi 5.25, draivu yake inataka na umeme wa volti 12, na bado naitafuta.