Mustang Mach 1 au Camaro ya 1969: hela ikiwa ya gari moja

Nianze na jibu, maana wengi mtashuka moja kwa moja kutafuta mshindi: chukua Mach 1 ya 1969, yaani Mustang ya Ford ya kimichezo, yenye injini ya 351 (namba hizi za injini ni ujazo wake kwa inchi za ujazo). Camaro ya Chevrolet ina sura nzuri zaidi, hapo sibishani. Tatizo lake ni kwamba inachakachulika kirahisi mno.

Anza na namba ya chesisi, kile kibao juu ya dashibodi kinachosomeka kupitia kioo cha mbele. Kwenye Mustang, alama ya tano inakutajia injini iliyotoka nayo kiwandani: H ni 351 ya nguvu za farasi 250, M ni 351 ya farasi 290, Q na R ni 428 Cobra Jet, ile injini kubwa ya mbio. Camaro ya mwaka huohuo, ile ya paa gumu, inakuambia tu kama ilizaliwa na silinda 6 (inaanza 12337) au V8 (12437). Kuhusu SS au Z/28, matoleo yake ya kimichezo, kimya. Ndiyo maana Camaro nyingi za kawaida zimebandikwa nembo za SS na kupigwa mistari miwili kwenye boneti. Ukiletewa "SS" ya 12337, aga uondoke.

1. Mach 1, 351 yenye M. Cc 5,800 hivi, inavuta vizuri tangu chini, na pua yake si nzito kupita kiasi. Adui yake ni kutu. Nenda na jagi la maji, mimina taratibu kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, kisha piga magoti uangalie chini ya dashibodi kwa tochi. Maji yakidondokea kwenye kapeti, jiandae: fundi atalazimika kukata bodi na kuchomelea upya, na kazi hiyo hula siku nyingi.

2. Camaro V8 ya kawaida yenye 350. Inunue kama ya kawaida, kwa bei ya kawaida. Spea za injini hii zimejaa Marekani nzima. Fremu ya mbele imefungwa kwa bolti juu ya raba. Raba hizo zikichoka, milango na mabawa ya mbele hukaa upande.

3. Mach 1, 428 Cobra Jet. Cc 7,000. Ford waliandika farasi 335, na mafundi wakacheka, kwa sababu robo maili iliimaliza chini kidogo ya sekunde 14. Kwenye kona, uzito wote uko mbele. Bei nayo haina huruma.

4. Camaro Z/28. Ni 302, iliyotengenezwa iingie kwenye kikomo cha lita 5 cha mbio za magari za Trans-Am za Marekani. Farasi 290, sawa na ile Mach 1 ya M kwa karatasi, ila wa kwake wanaamka injini ikishapiga kelele. Mjini utachoka nayo. Bila karatasi za kiwandani, usiiguse.

Hizo hesabu za farasi, kwa njia, zilipimwa injini ikiwa nje ya gari, bila vifaa inavyoviendesha kwa kawaida. Usizilinganishe na za magari ya kuanzia 1972.

Halafu breki. Mustang nyingi za miaka hiyo zilitoka na dramu magurudumu yote manne. Ukikuta hivyo, shusha bei, na uweke diski mbele kabla hujaingia nayo barabara kuu.