Hita ya bafuni, maji ya Dodoma na waranti iliyoishia kaunta

Nasema mapema kabla hasira haijapoa: kama unaishi Dodoma na unafikiria kununua hita ya bafuni, ile inayofungwa mahali pa shawa na kupasha maji papo hapo, usiinunue. Wati zake na rangi zake zipo kwenye boksi, mtasoma wenyewe. Mimi naeleza kilichotokea kaunta.

Hita ilidumu miezi michache tu. Kwanza maji yalipungua, yakawa yanatoka vinyuzi vinyuzi upande mmoja. Kisha yakawa ya kuunguza hata ukiweka swichi kwenye moto mdogo. Asubuhi moja yakatoka baridi kabisa. Waranti ni ya mwaka mzima, kadi ninayo na risiti ninayo, nikaibeba dukani. Kijana wa kaunta akaifungua, akachomeka bisibisi kwenye koili, ule waya unaopasha maji, akakwangua. Magamba meupe yakadondoka juu ya kioo, magumu kama maganda ya yai. Akayapuliza yakatua kwenye mkoba wangu, akasema, "Mama, hii umeiua mwenyewe. Waranti haihusu maji machafu." Nikamuuliza, "Mwanangu, na mwenye duka hili nyumbani kwake anaoga maji gani?" Hakujibu. Akamwita mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Maji machafu! Maji ya bomba ya mji huu kwa miaka mingi yametoka visima virefu vya Makutupora, na maji ya visimani huja na kalsiamu na magnesiamu yaliyoyeyuka kutoka ardhini. Hayo ni maji magumu, na maji magumu si maji machafu. Kila nyumba inayajua: birika lenye ukoko mweupe, chai yenye utando juu, sabuni ya mche inayokataa kutoa povu na kuacha nta ya kijivu kwenye beseni, maharage yanayomaliza mkaa bado hayajaiva. Anayeuza hita Dodoma anayajua kuliko mimi. Waranti isiyohusu maji ya Dodoma, ikauzwa Dodoma, ni waranti ya nini?

Kinachoiua hita ni hiki, na kijana yule alipaswa kunieleza siku ya kwanza. Maji haya yakipata moto, kalsiamu inaachana na maji na kuganda kama chokaa, na mahali penye moto mkali kuliko pote ni kwenye koili. Chokaa haipitishi joto vizuri, kwa hiyo koili inajipika ndani ya gamba lake. Vipande vikibanduka vinakwenda kuziba matundu ya shawa. Hapo ndipo penye hatari: matundu yakiziba, presha inabaki ndani ya hita, mpira wa ndani, ule unaowasha umeme ukisukumwa na presha ya maji, unaendelea kusukumwa, huku maji yanayopita ni kidogo. Ndiyo maana yanaunguza kwanza, halafu koili inakatika. Ukiona vinyuzi vinyuzi, acha kuitumia siku hiyohiyo.

Sasa niseme kweli. Dukani waliniambia hakuna vipuri, ninunue mpya. Uongo. Koili peke yake nimeipata kwa fundi umeme, akaibadilisha, na hita inafanya kazi vizuri kabisa. Kwa hiyo lile neno langu la "usiinunue" nalilegeza: inunue kama utaiosha kila mwezi.

Zima umeme kwenye swichi kubwa ya nyumba, usiamini ya bafuni peke yake. Fungua uso wa shawa wenye matundu. Chukua asidi ya sitriki, ule unga mweupe wa ndimu unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki, vijiko 2 vya chakula kwa lita 1 ya maji ya vuguvugu. Loweka nusu saa. Utaona vipovu vinapanda, hiyo ni chokaa inayoyeyuka. Vikikoma na bado kuna weupe, badilisha maji. Piga mswaki wa zamani, matundu ya mpira yasugue kwa kidole gumba. Siki nyeupe nayo inafaa, ila iache muda mrefu zaidi. Koili ipakwe maji hayohayo kwa mswaki, wala usiikwangue kwa bisibisi kama alivyofanya yule kijana, waya wake ni mwembamba. Asidi ya betri usiisogeze hata karibu, na unga wa ndimu au siki usichanganye na jiki, inatoka hewa ya sumu.

Kosa linalounguza koili mpya siku ileile ni kuwasha umeme kabla hita haijajaa. Fungua maji dakika nzima kwanza. Na kila ukimaliza kuoga, zima umeme na uache maji yakimbie nusu dakika hivi, la sivyo yale yaliyobaki ndani yanaendelea kupikwa na joto la koili na chokaa inaganda juu yake. Tumia moto mdogo unaokutosha. Moto ukizidi, chokaa inazidi.

Watakuuzia na chujio la pamba na mkaa eti linaondoa chumvi. Linazuia mchanga na harufu ya klorini, lakini kalsiamu iliyoyeyuka inapita humo kama haijaona kitu. Kinacholainisha maji ni mtungi wenye chembe za resini, unaosafishwa kwa maji ya chumvi kila baada ya muda.

Hita naipa alama nzuri. Duka, hapana, na nikifikiria vile alivyopuliza yale magamba naona hata hita siwezi kuisifu bila kusita. Ukienda kununua, mwambie aandike nyuma ya risiti kama chokaa imo kwenye waranti au haimo, na akuonyeshe koili ya akiba. Juzi nimepita pale, kijana yuleyule alikuwa anamfungia dada mmoja hita kama yangu kwenye boksi. Alimweleza rangi, akamweleza bei. Neno chokaa halikumtoka.