Uzoefu wangu: miaka yangu ya uzee katika fleti za wastaafu, Portsmouth

Jamaa wa Unguja na Mombasa hawaachi kuniuliza kama ni kweli wanangu "wamenitia nyumba ya wazee". Nimehamia mwenyewe, mkataba nimeutia saini mwenyewe, na ufunguo wa mlango ninao mimi. Naandika kwa sababu wengi wetu tulioko Uingereza tumeshakuwa watu wazima, na tunachanganya nyumba za aina mbili zisizofanana hata kidogo: fleti za wastaafu na nyumba za kutunzia wazee.

Ninapokaa mimi ni fleti ya kupanga, katika jengo la watu wa miaka 60 na zaidi. Nina chumba cha kulala, sebule, jiko na choo changu. Nikipika mchuzi wa papa harufu inafika mpaka kwenye lifti, wala hajanigombeza mtu. Chini kuna ukumbi wa pamoja, chumba cha kufulia na bustani ndogo. Chumbani na bafuni zinaning'inia kamba nyekundu: ukianguka unavuta, mtu wa zamu, asiyekaa jengoni, anakujibu kwenye spika ya ukutani, na kama humjibu anampigia mwanao au anaita gari la wagonjwa. Muuguzi hapana, wala wa kukuogesha. Kule kwa kuogeshwa na kulishwa ni mahali pengine kabisa, na kwa England mwenye mali inayozidi pauni 23,250 hujilipia mwenyewe. Aishiye peke yake, hata nyumba yake kwa kawaida huhesabiwa humo.

Mimi ni mzaliwa wa Kikwajuni, Unguja, mwaka 1950. Mapinduzi ya Januari 1964 yalinikuta bado msichana wa skuli. Watu wetu wakatawanyika, huyu Muscat, yule Dubai, mimi nikaangukia Mombasa kwa mama mdogo, na kutoka hapo nikaja huku kusomea uuguzi. Siku zile wasichana tuliotoka nchi zilizotawaliwa na Uingereza wengi tulisukumwa kwenye mafunzo ya miaka miwili, cheti cha SEN (State Enrolled Nurse, muuguzi wa daraja la chini), ambacho hakikupandishi cheo. Ya miaka mitatu, yenye kukufikisha usista, yaani ukuu wa wodi, wakapewa wengine. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma. Nilikuja kusoma tena huku nalea watoto, nikakipata cheti kamili, nikafanya kazi wodi za wazee mpaka kustaafu. Nimewaona wangapi wameletwa na nyonga zilizovunjika ngazini kwao! Kwa hivyo mume wangu alipofariki nikabaki na nyumba ya ghorofa, ngazi zake nyembamba na bafu liko juu, sikungoja nianguke. Wanangu walinitaka kwao London. Nawapenda, lakini wanatoka alfajiri na kurudi usiku, na mimi ningeshinda nyumba ya mtu nikitazama televisheni.

Hapa saa nne asubuhi nashuka ukumbini na chai yangu, nakuta watu. Jirani yangu mmoja alikuwa fundi wa meli bandarini. Anaijua bahari kuliko mimi niliyezaliwa kisiwani. Ramadhani zilizoangukia Juni, magharibi inaingia baada ya saa tatu usiku, na bibi wa mlango wa pili alikuwa akikesha nami ili nisifuturu peke yangu. Mkristo, miguu inamuuma, lakini anakuja. Hilo sikulitegemea, na ndilo lililonifanya nipaite kwangu.

Yasiyonipendeza yapo. Ada ya huduma hupanda kila Aprili, na hesabu yake ni ngumu kuisoma. Nimeshalalamika kwa wenye jengo, nitaendelea kulalamika. Meneja yuko asubuhi tu, tena siku za kazi. Wa kusema naye Kiswahili simpati mpaka niende msikitini au wanipigie simu wenzangu. Wakati mwingine nakaa wiki sijatamka neno la kwetu, na hiyo ni njaa ya aina yake.

Anayemtafutia mzazi, aulize kwanza ada hiyo imepanda kiasi gani miaka ya nyuma. Kisha kengele ya ile kamba nyekundu: Uingereza inazima laini za simu za zamani, mwisho umepangwa Januari 2027, na kengele nyingi zilitegemea laini hizo. Hakikisheni ya jengo lenu imeshabadilishwa. Na ombeni Attendance Allowance, posho ya serikali, kwa mzee aliyefika umri wa pensheni na anahitaji msaada wa kuoga au kuvaa. Haiangalii akiba wala pensheni yake. Wazee wetu wengi hawaiombi kwa kuona haya, na ni haki yao.

Kwa mzee anayejiweza lakini upweke unamla, napasifu kwa moyo wangu wote. Kwa aliyeanza kusahau, anayetoka usiku asijue aendako, hapana. Mlango wa chini unafunguka kutoka ndani saa zote, na usiku hakuna wa kumrudisha.