Sindano ya damu yangu mwenyewe kwenye goti: miezi minane baadaye

Nilijua mambo yameharibika siku niliyoshindwa kuinuka chooni. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Nilichuchumaa vizuri tu, kuinuka goti la kulia likagoma, ikabidi nimwite binti yangu anivute mkono. Nina miaka 57, fundi cherehani wa Mbagala, na cherehani yangu ni ya kukanyaga. Goti hilo ndilo mtaji.

Mtaani wanasema "mafuta ya goti yameisha." Daktari wa mifupa alinisahihisha akiwa ameinua picha ya eksirei dirishani: si mafuta, ni gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, ndilo linalolika. Upande wa ndani, nafasi kati ya mfupa na mfupa ilikuwa imebaki nyembamba kama uzi. Hatua ya tatu kati ya nne, akasema. Nilikuwa nimeshachomwa steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, mwaka uliotangulia, nikapata raha ya wiki sita, kisha maumivu yakarudi yaleyale. Daktari hataki kuirudiarudia, anasema kunaweza kulimaliza gegedu haraka zaidi.

Ndipo nikaenda kliniki moja ya binafsi inayochoma PRP, ndiyo hiyo sindano ya damu yako mwenyewe. Shilingi 350,000 kwa sindano, sindano tatu, na bima yangu ikakataa kulipa hata senti. Nilivunja kibubu.

Kazi yenyewe haichukui hata saa nzima. Wanakutoa damu mkononi kama ya kipimo, ila nyingi kidogo, wanaitia kwenye mashine inayozunguka kwa kasi. Ikitoka imejitenga: nyekundu imekaa chini, juu kuna maji ya njano, rangi ya mafuta ya alizeti. Hayo ya njano ndiyo yenye zile chembe za kugandisha damu, na ndiyo wanayokurudishia gotini huku wakitazama kwa altrasaundi sindano inapopita. Kuchomwa si tatizo. Tatizo ni usiku wake. Goti liliumuka kama andazi, na diklofenaki, dawa ya maumivu niliyoizoea, nilikatazwa, kabla na baada, kwa kuwa inazuia kazi ya chembe hizo. Ni panadol na kuvumilia.

Mwezi wa kwanza sikuona kitu, nikajilaumu kwa hela zangu. Wa tatu nikashtukia nimekaa kwenye cherehani saa mbili bila kusimama kujinyoosha. Zamani nusu saa ilikuwa nyingi. Kupanda ngazi sasa napanda. Kushuka bado nashikilia ukuta, swala naswalia kwenye kiti, na chooni nimeweka kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati.

Sasa lawama. Kipeperushi chao kiliandika kwamba gegedu "litaota upya." Binti yangu, ambaye haamini mtu, akatafuta, akapata utafiti wa Australia uliotoka mwaka 2021: watu 288 wenye magoti yanayolika kama langu, ya hatua ya pili na ya tatu, wengine wakachomwa PRP, wengine maji ya chumvi, hakuna aliyejua kachomwa nini. Baada ya mwaka, maumivu yalipungua kwa wote karibu sawa, na gegedu halikuonyesha tofauti ya maana. Nilipompelekea daktari wa mifupa hakubisha. Alisema zipo tafiti nyingine zinazoonyesha nafuu, lakini kila mahali wanaitengeneza kwa namna yao. Kuota upya, hapana.

Na mimi nina kesi nyingine. Wiki ileile ya sindano ya kwanza nilianza mazoezi: nakaa kitini, nafunga mfuko wa mchele wa kilo mbili kifundoni, nanyoosha mguu, nahesabu mpaka kumi, nashusha. Kila siku asubuhi. Tena nimepungua kilo sita, chapati za jioni nimeziacha. Kwa hiyo nani kaniponya, sindano, mchele au chapati? Siwezi kuapa.

Ningerudia? Kwa hela yangu ya kushona, ningeanza na mchele miezi mitatu kwanza, bure. Mwenye nacho, ambaye goti halijaisha kabisa na ameambiwa ukweli, ajaribu. Walipotaka kunipandisha kwenye sindano ya seli shina, zile seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, kwa milioni kadhaa niliaga, nikaondoka.

Nyota tatu. Juzi wamepiga simu, eti muda wa sindano ya kukumbushia umefika. Nimewaambia nina sare za shule arobaini za kumaliza.