Tulikodi kayaki ya wawili, pezi hatukupewa, tukadaiwa tumelipoteza

Nimekaa siku kadhaa nikijizuia nisiandike kwa sababu mume wangu anasema yameisha, tumerudi salama, hela ya dhamana tumerudishiwa, sasa nawakia nini. Mimi bado nawaka. Sio kwa ajili ya kulowa, kulowa ndo tulikofuata, ni kwa ajili ya sentensi moja tu, "braza hebu mtulize shemeji", na nitaeleza ilitokea wapi.

Kiangazi hiki, wikendi moja ya joto kali, tukakodi kayaki ya kupuliza ya watu wawili, yaani kimtumbwi chembamba kinachojazwa hewa, mnakipigia makasia. Safari yenyewe wameipanga vizuri na hapo sifa yao siwanyimi. Wanakushusha sehemu ya juu ya mto, mkondo unakuteremsha taratibu mpaka mto unapoingia ziwani, halafu unavuka kipande cha ziwa hadi kwenye gati lao, unarudisha chombo unaondoka. Kwa watu wawili ambao kwa miezi wameongea mambo ya bili na watoto tu, ni siku moja nzuri sana.

Sasa pale kijana wao alipomaliza kupuliza, mume wangu akaibeba ile kayaki kichwani, chini juu, kama kofia kubwa, anichekeshe. Nikampiga picha. Ile picha muikumbuke. Ni wakati huo ndo nikaona chini kwa nyuma kuna kijireli cha plastiki chenye mfereji, yaani pahali pa kuchomeka kitu, na hamna kitu. Nikauliza kwa heshima kabisa, kaka, hapa panaingia nini? Akasema hapo hapana kazi. Nikamwambia lakini zile nyingine pale naona zina kama pezi la samaki. Hakunijibu mimi. Akamgeukia mume wangu akicheka, "Braza, hebu mtulize shemeji, jua linapanda hili."

Mimi ndo nimeuliza. Mimi ndo nilipiga simu ya kuweka nafasi, mimi ndo nililipa, halafu jibu langu anapewa mwenzangu, tena jibu lenyewe sio jibu. Nikanyamaza kwa sababu sikutaka kuharibu siku. Leo najuta kunyamaza kuliko kitu kingine chochote kwenye safari ile.

Tukaingia majini. Mimi omo, yaani mbele, yeye tezi, yaani nyuma, maana mwenye uzito zaidi anakaa nyuma na ndiye anayeongoza chombo, wa mbele anatoa mwendo na wa nyuma anaufuata. Hayo tulikuwa tunayajua. Nikapiga kasia la kwanza, pua ikaenda kushoto. Akapiga lake, pua ikaja kulia ikapitiliza, la tatu tukawa tunatazama tulikotoka, na mkondo unatupeleka kinyumenyume kama watu wanaoaga ndugu kituoni.

"Mume wangu piga kulia!"
"Kulia ndo napiga!"
"Basi acha kupiga."
"Nikiacha tunaingia kwenye ule mti."

Na mti ulikuwepo kweli, umeangukia mtoni, matawi yamelala majini. Hapa sitanii, hiyo ndo hatari kubwa ya mto ambayo wageni wengi hawaijui, kwa sababu maji yanapita katikati ya matawi lakini mtu na chombo chake havipiti, vinabanwa pale na mkondo unaendelea kusukuma. Tena ulikuwa upande wa nje wa kona, ambako mkondo unakwenda kasi zaidi na ndiko unakovutwa. Tukapiga makasia kurudi nyuma wote wawili kwa nguvu zote, bila kuelewana nani anafanya nini, tukapita kwa umbali wa mkono. Moyo wangu ulikuwa unadunda mpaka nausikia masikioni. Mume wangu akasema taratibu, "Umeona tulivyoiweza?" na mimi sikuwa na jibu, nilikuwa natafuta pumzi.

Baada ya hapo tukagombana. Ugomvi wa makasia tu lakini ugomvi. Yeye anasema mimi navuta sana upande mmoja, mimi nasema yeye haongozi. Wanaopenda kayaki duniani wana jina la utani la chombo cha wawili, wanakiita mashua ya talaka, na siku ile nilielewa walioipa jina walikuwa wamepitia nini. Halafu ikaanza kulegea katikati, kila nikiegemea inajikunja kama kitanda cha kamba kilichochoka. Hiyo haikuwa imetoboka. Imepulizwa juani hewa ikiwa ya moto, ukiiweka kwenye maji ya baridi ile hewa inasinyaa, inatakiwa uongeze upepo kidogo baada ya dakika chache. Pampu hatukupewa. Wala hatukuambiwa.

Pale mto unapoingia ziwani tukakwama. Mto ukifika ziwani mwendo unapungua, mchanga wote uliokuwa umebebwa unatua palepale, kwa hiyo kuna fungu la mchanga na maji ya magotini. Mume wangu akashuka asukume, mchanga ukamtoka chini ya mguu, akakaa majini mpaka kifuani, kofia yake ikatangulia ziwani peke yake. Nikashuka kuikimbiza kofia, kayaki nayo ikataka kwenda zake, nikawa nimeshika kamba kwa mkono mmoja na kofia kwa mwingine, na yeye amekaa pale anacheka mpaka anakohoa. Nikaanza kucheka na mimi. Nadhani ndo mara ya kwanza kucheka vile tangu tuanze mwaka huu.

Ni pale tulipoigeuza kumwaga maji ndo tukatazama kile kijireli pamoja. Na wakati huohuo wakapita watu wawili, wazee kidogo, kayaki aina ileile, wananyooka kama wamepigiwa rula, na chini ya maji yao meupe unaliona kabisa pezi jeusi. Mume wangu akanitazama. Akasema, "Mke wangu, uliuliza hiki kitu." Nikasema niliuliza. Akasema samahani. Ugomvi wote ukaishia hapo, maana kumbe hakuna aliyekuwa anakosea. Kayaki ya kupuliza ina tumbo bapa na ni nyepesi, inaelea juu ya maji kama jani, pezi ndo linaloifanya ishike njia. Bila pezi kila kasia unalopiga linageuza pua. Hata mabingwa ungewaweka mle ndani wangepata tabu.

Nitende haki hapa. Mtoni penye mawe na maji machache kuna wanaolitoa pezi makusudi kwa sababu linagonga chini na kuvunjika. Kama yule kijana angesema hivyo, "dada tunalitoa kwa ajili ya mawe, lakini hili hapa, mkifika ziwani chomekeni", ningeandika maneno mengine kabisa leo. Ni sentensi moja ya sekunde tano. Akachagua ile nyingine.

Ziwani upepo ulikuwa umeshaamka, kama kawaida ya maziwa mchana wa joto, nchi kavu inapata moto na hewa inavutwa kutoka majini. Tukawa tunakwenda mrama. Hatimaye mume wangu akapata wazo, akaacha kupiga kabisa, akalaza kasia lake nyuma majini likawa sukani, mimi nikapiga peke yangu. Ikanyooka! Polepole lakini ikanyooka. Mabega yangu yalikuwa yanawaka moto, yeye nyuma anaimba, anasimamisha wimbo kusema "kushoto kidogo mama, hapohapo", jua limelala juu ya maji, na nilijisikia vizuri kiasi kwamba nikasema moyoni hawa watu nitawasamehe, nitawapa nyota nne.

Tukafika gatini. Kijana yuleyule. Akaigeuza kayaki, akatazama chini, akasema, "Pezi liko wapi? Mmepoteza pezi. Dhamana inabaki."

Nilidhani sijasikia vizuri. Asubuhi hapana kazi, jioni lina bei! Nikamwambia hukutupa pezi, niliuliza ukasema halina kazi. Akamtazama tena mume wangu, safari hii hacheki, "Braza, vifaa vyote vilitoka kamili." Na mume wangu, namshukuru Mungu kwa huyu mtu, akamjibu, "Ongea naye yeye, mimi sikuuliza kitu."

Nikafungua mfuko wa kuzuia maji. Wangu niliukunja mdomo mara tatu ndo nikabana, simu kavu kabisa. (Mume wangu wa kwake aliukunja mara moja, nguo zake zote zilikuwa supu, amerudi nyumbani amejifunga taulo langu.) Nikatoa ile picha, mtu amebeba kayaki kichwani, kijireli kitupu kinaonekana wazi, na saa ya picha ni kabla ya kuondoka. Nikamwekea mbele ya macho. Akaitazama muda mrefu. Akaingia ofisini, akarudi na hela, akazihesabu, na unajua akampa nani? Akampa mume wangu.

Hakusema samahani. Hakuna hata pole.

Kwa hiyo nyota sijui niweke ngapi. Nilianza na moja. Nikikumbuka ile saa ziwani naona nne, njia ni nzuri, maji safi, laifujaketi zao zilikuwa nzima na za saizi yetu, vifungo vyake vyote vinabana, na hilo sio jambo dogo kwa sababu wakati wa ule mti ndo kitu pekee nilichokuwa nakiamini. Nikikumbuka zile hela zinapita mbele yangu kwenda mkono mwingine narudi kwenye moja. Mume wangu anasema weka tatu, yule ni kijana mmoja tu, usichome kampuni nzima. Labda ni kweli. Lakini ofisini kulikuwa na mtu mzima ambaye alisikia kila kitu na hakuinua kichwa.

Nimeweka mbili. Tutarudi kwenye ule mto, tumeshakubaliana, ila na kayaki yetu wenyewe, tumeanza kuweka hela pembeni. Jana usiku nimemkuta mume wangu kitandani anatazama picha za mapezi kwenye simu.